Elgon Haina Theluji, Lakini Iko na Maji

Kila Desemba simu zetu hujaa vidio za watu wakiteleza kwenye theluji kule Ulaya, na kila Desemba lazima kuna msee wa Kitale au Bungoma ataandika chini yake: "Si hata sisi tuko na mlima? Elgon inakosa nini?"

Kwanza inakosa theluji. Koitobos, kile kilele ambacho wengi hupanda wakipitia upande wa Kenya, kiko mita 4,222. Wagagai, upande wa Uganda, ni mita 4,321. Usiku kule juu kunaganda kweli, na alfajiri utapata nyasi nyeupe ukadhani uko Uswisi, lakini hiyo ni sakitu tu. Jua likipanda kidogo imeisha. Barafu ya kudumu Afrika Mashariki iko milima mitatu: Kenya, Kilimanjaro na Rwenzori, na hata hiyo inatuaga. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kwenye ripoti yake ya Afrika ya mwaka 2020, lilisema kwa mwendo huu yote itakuwa imeyeyuka kufikia miaka ya 2040, na Mlima Kenya ndio utatangulia, kama miaka kumi mapema. Kwa hivyo ukitaka kuski nyumbani, umechelewa kuzaliwa.

(Na usiniambie Wakenya hawawezi. Philip Boit, jirani yetu wa Eldoret, alienda Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 akashiriki mbio za ski za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja kwenye mstari amkumbatie. Boit alirudi akaita mtoto wake Daehlie. Huwezi kuniambia hiyo si hadithi nzuri.)

Lakini nataka tuchukue hiyo swali ya "Elgon inakosa nini" kwa uzito, kwa sababu huwa haiulizwi na watu wa mzaha pekee. Inaulizwa na wanasiasa, na wenye mashamba Endebess, na vijana wenye diploma ya utalii wanaoendesha boda. Na mimi pia, kazi yangu ni kupiga picha za huu mlima na kuwaambia watu waje. Sasa kabla hatujaanza kunakili wenzetu wa theluji, tuangalie wamefika wapi.

Februari 2020, kituo kimoja cha ski Ufaransa, Luchon-Superbagnères kwenye milima ya Pyrenees, kiliishiwa theluji sehemu za chini wakati wa likizo za shule. Walifanya nini? Walikodisha helikopta ibebe theluji kutoka juu ya mlima iimwage chini. Kama tani 50 hivi. Yaani joto la dunia linakunyima theluji, na wewe unachoma mafuta ya ndege kuitafuta. Wafaransa wenyewe walipiga kelele. Mwaka 2022 Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing ilifanyika karibu yote kwenye theluji iliyotengenezwa kwa mashine. Hiyo mashine inakula vitu viwili, stima na maji.

Maji ndiyo nataka tukae hapo kidogo. Kuna mji wa ski unaitwa La Clusaz, huko huko Ufaransa, kwenye Alps. Walitaka kuchimba bwawa kubwa juu mlimani, kwenye uwanda wa Beauregard, wakate msitu, na sehemu kubwa ya hayo maji iende kutengeneza theluji. Wakasema na sehemu nyingine itakuwa ya kunywa. Watu wakaenda kulala msituni kuzuia. Oktoba 2022 mahakama ikasimamisha mradi. Hebu fikiria: nchi tajiri, mji wa kitalii, na bado ugomvi ni ule ule wa Kapsokwony na Kimilili. Maji ni ya nani, ya mgeni ama ya mwenyeji?

Halafu kuna Céüze, pia Ufaransa, watu waliteleza pale tangu miaka ya 1930. Theluji ikawa haiji, kituo kikafungwa mwaka 2018, na miaka mitano baadaye wakaanza kung'oa vyuma vya lifti. Ukijenga maisha ya mji mzima juu ya kitu kimoja ambacho mlima unatoa, siku mlima ukiacha kutoa, mji unabaki na vyuma.

Kitu ambacho mlima wetu unatoa ni maji.

Elgon ni mmoja wa minara mitano mikuu ya maji ya Kenya, pamoja na Mau, Aberdare, Mlima Kenya na Cherangany. Mto Nzoia unapata maji yake Elgon na Cherangany, unashuka Webuye, unapita Mumias, unaenda mpaka Budalangi ambako watu wanaujua kwa mafuriko, halafu Ziwa Victoria. Kuywa unashuka upande wa Bungoma. Suam unazunguka kule nyuma, unageuka Turkwel, na maji ambayo yalianza kama umande hapa kwetu yanaenda kunywewa na mbuzi wa Turkana. Ukilipa bili ya maji Kitale, Webuye ama Bungoma mjini, unalipia mto ambao chanzo chake ni msitu wa milimani. Mahindi ya Trans Nzoia ambayo yanalisha nusu ya marafiki zako wa Nairobi (sawa, labda naongeza chumvi) yananyeshewa na mvua ambayo huo msitu unasaidia kuleta.

Sasa barabara imefika. Lami ya Kitale kupitia Endebess mpaka Suam, kilomita 45 hivi, imejengwa kwa pesa za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na upande wa Uganda inaendelea mpaka Kapchorwa. Ni jambo zuri, na mtu yeyote aliyesukuma gari kwenye matope ya hiyo njia hatabisha. Lakini sisi sote tunajua kinachofuata lami. Kwanza vibanda, halafu ploti, halafu bango la "loji inakuja hapa", na kwenye bango lazima kuwe na jani la kijani na neno "eko".

Hilo neno "eko" ndilo shida yangu. Siku hizi mtu anajenga nyumba ya mbao, anaweka taa ya sola kwenye geti, anaita ekoloji. Mimi nikiingia loji ya mlimani siangalii taa. Nauliza maji ya kuoga yanapashwa na nini. Kule juu baridi haina mchezo, mgeni akilipa elfu nane hakubali kuoga maji ya barafu, kwa hivyo nyuma ya hiyo nyumba nzuri kuna kuni busta, na kuni busta haijui kushiba. Vyumba kumi, asubuhi na jioni, wikendi zote. Hizo kuni zinatoka wapi? Kama mwenyewe alipanda mikaratusi yake miaka kumi iliyopita, heko. Kama zinaletwa na punda saa kumi za usiku, basi hiyo sola ya getini ni mapambo.

Swali la pili watu hawalipendi kwa sababu linanuka. Choo kinaenda wapi? Pale mjini ukijaza unaita lori la kunyonya, linakuja. Juu ya Kaberwa ama karibu na Chorlim litakuja vipi, na likija linaenda kumwaga wapi? Tena baridi ya juu inafanya uchafu uchelewe kuoza. Shimo likichimbwa karibu na chemchemi, aliye chini ndiye atajua, na atajua kupitia tumbo la mtoto wake. Sheria yetu inasema ukingo wa mto uachwe wazi, kuanzia mita 6 mpaka 30 kulingana na upana wa mto. Tembea kando ya mto wowote wa hapa utafute hizo mita 6.

Watu wa Bungoma, nyinyi hamuhitaji mfano wa Ufaransa kuelewa hii. Mko na Webuye. Pan Paper ilikuja miaka ya 70, ikaleta kazi kweli, ikajenga mji kweli. Mzee yeyote wa pale atakuambia jinsi malipo yalipotoka mji ulichangamka. Atakuambia pia kuhusu ile harufu iliyokupokea kabla hujaona mji, na mabati yaliyooza mapema, na maji ya Nzoia yalivyokuwa yanabadilika rangi chini ya kiwanda. Wakati huo ukiuliza kuhusu mto, unaambiwa unataka watu wakose kazi. Mwaka 2009 kiwanda kikaanguka. Kazi ziliondoka, na mto ulikuwa umeshachafuka. Kwa hivyo mtu akija kuniambia "wacha kwanza mwekezaji aingie, mambo ya mazingira tutaona baadaye", mimi namwambia tulishaona.

Na mfano mzuri pia uko hapa hapa, sio lazima tupande ndege. Saiwa Swamp, njia ya kwenda Kapenguria. Mbuga ndogo kuliko zote Kenya, kilomita tatu za mraba hata hazifiki, ilianzishwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu. Saiwa hakuna gari linaloingia. Unatembea kwa miguu, kuna vijia vya mbao juu ya kinamasi, kuna majukwaa ya kupanda uangalie wanyama, umemaliza. Gharama ya kuiendesha ni ndogo, uharibifu ni mdogo, na mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kufika na nauli ya matatu. Shida ya Saiwa haitoki kwa mgeni, inatoka kwa mashamba yanayoizunguka, udongo na mbolea vinapoteremka na mvua. Yaani hata ukifanya utalii safi ndani ya ua, ukisahau kilicho nje ya ua, kinamasi kitajaa tope. Bado naona Saiwa ni darasa bora kuliko resoti yoyote, na inanishangaza vile wakaaji wa Kitale wengi hawajawahi kukanyaga pale.

Sasa twende kwa sehemu ngumu.

Huu mlima uko na wenyewe. Jina Elgon lenyewe linatokana na Wakony. Wabukusu na ndugu zetu Wagisu wanauita Masaba. Waogiek wa Chepkitale wameishi juu kwenye nyasi za mlima na msitu wa mianzi tangu kabla ya kuwe na Kitale. Mwaka 2000 ardhi yao ikageuzwa hifadhi ya wanyama, wakafurushwa, wakarudi, wakafurushwa tena, wakaenda kortini. Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ikaamua kwamba kuigeuza Chepkitale hifadhi kulivunja katiba, na kwamba ardhi ni ya jamii. Hiyo ni mojawapo ya kesi kubwa za mazingira nchini, imeamuliwa hapa kwetu, na nashangaa vile vijana wenzangu wanajua kesi za wanasiasa wote lakini hii hapana.

Na hawa watu, kabla ya korti kusema chochote, walikuwa wamekaa chini wakaandika sheria zao ndogo. Makaa ni marufuku. Wana walinzi wao wenyewe wa kuwashika wachoma makaa. Linganisha na sehemu nyingine za msitu ambazo zimelindwa kwenye karatasi na zimebaki visiki.

Upande wa pili wa mpaka kuna somo la kinyume. Kuanzia 1994 shirika moja la Uholanzi, FACE, lilipanda miti kwenye mbuga ya Elgon upande wa Uganda ili ihesabiwe kama kaboni, uchafu wa huko ufutwe na miti ya huku. Kwenye karatasi ni kijani tupu. Lakini ile ardhi ilikuwa na mgogoro, watu walikuwa wametolewa, na walipopata nafasi walikata miti hiyo wakapanda chakula. Hawakuwa wanachukia miti. Ule mti ulisimama pale kama askari wa kuwazuia wasirudi. Na sisi tunajua ardhi ya huu mlima ikiguswa vibaya inakuwaje. Chebyuk ilianza kama mambo ya ploti. Wa rika langu tulikuwa watoto mwaka 2006 mpaka 2008, tuliona watu wakishuka na magodoro kichwani.

Kwa hiyo loji ikijengwa juu, swali halali ni: ploti hii ilikuwa ya nani, na huyo mtu ako wapi leo? Kama jibu ni "anafagia uwanja wa hiyo loji", mnajua hiyo si hesabu nzuri.

Pesa nayo. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inasema angalau asilimia 5 ya manufaa ya mbuga za kitaifa iende kwa jamii jirani. Uganda, sheria yao inatoa asilimia 20 ya ada za getini. Mlima ni mmoja, ndovu ni wale wale wanaovuka mpaka bila pasipoti, lakini jirani wa Kapchorwa ameandikiwa mara nne ya jirani wa Endebess. Hata hiyo 5, uliza mzee wa kijiji chochote kilichopakana na mbuga kama amewahi kuonyeshwa hesabu yake. Mtu ambaye ndovu amekula mahindi yake na hajapata kitu, usimlaumu akinunua shoka.

Kuna wasee wataniambia nawatisha wawekezaji. Wataniambia ni rahisi kuongea mazingira ukiwa na simu nzuri na tumbo limeshiba, vijana wanataka kazi. Nakubali kazi zinatakiwa, na zinatakiwa leo. Lakini angalia kazi zenyewe ni zipi. Loji ya vyumba kumi inaajiri watu wangapi? Na nusu ya wakubwa watatoka wapi? Sasa hesabu waelekezi wa kupanda Koitobos, wapagazi, wapishi wa safari, mama wa kuuza kamaleya iliyokaushwa vizuri (wale wa Mbale wanaiita malewa na wanatengeneza pesa nayo), mwenye farasi, mwenye nyumba ya kulaza wageni wawili kwake Kapsokwony. Hizo kazi hazihitaji kukata mti hata mmoja. Kilimanjaro mpagazi, wanamwita mgumu, mzigo wake una kikomo cha kilo 20 na unapimwa getini. Hapa kwetu nani anapima? Mimi nahesabu hiyo pia kuwa mazingira. Mgongo wa kijana wa Kopsiro ni sehemu ya mlima.

Na sisi wa kamera tusijifanye wasafi. Tangu Juni 2020 plastiki ya kutumia mara moja ni marufuku kwenye mbuga zote za Kenya, na bado kuna vidio za wenzangu ndani ya Kitum wameshika chupa ya soda kama tuzo. Kitum! Pango la karibu mita 200 ambalo ndovu huingia usiku, gizani, wanapapasa kwa mkonga na kukwangua ukuta kwa pembe watafute chumvi. Hakuna kitu kama hicho kwingine, na mtu ameenda kuwasha spika pale. Mbali na ndovu, ndani kuna popo. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha sukari cha Nzoia aliugua Marburg na kufa baada ya kutembelea hilo pango, na mwaka 1987 mvulana wa Denmark naye. Heshima ya pango sio ya ndovu peke yao.

Kwa sasa ninachoomba ni kidogo. Mradi mkubwa ukija, sheria inataka ripoti ya athari za mazingira ipelekwe NEMA, na wananchi wapewe nafasi ya kuisoma na kuitolea maoni. Watu huona tangazo la mkutano wa chifu wakadhani ni la wazee na chai. Enda. Usiende kubishana na mtu, enda na maswali ya choo, kuni, mto na ploti, na uombe majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, sio ya mdomo. Mtu akikuletea mchoro wa loji, mwambie akuonyeshe kwa kidole shimo la choo liko wapi na mto uko wapi.

Mimi kuanzia sasa, loji yoyote ya Elgon ikiniita nikaipige picha, nitauliza hayo manne kabla kamera haijatoka kwenye begi, na majibu nitayaweka kwenye vidio, mazuri kwa mabaya. Kama unajua moja ambayo inafanya vizuri, kutoka Endebess mpaka Cheptais, niambie. Natamani sana kuanza na moja nzuri.